Mtungi wa Samli ya Tuda

Mtaa wa Chini ya Mwamba,
Azrou.
9 Septemba

Mpendwa mwanangu Badri,

Asalamu alaikum. Natumaini u mzima huko Ghent na kifua hakikusumbui tena, maana mwezi wa saba ulikuwa ukikohoa usiku kucha. Baba yako ni vilevile, hainuki kitandani, lakini anakula. Mimi mguu ni uleule. Salamu zimekwisha, sasa kaa chini.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu maneno ya simu ungeyafuta.

Ulipokuja na rafiki yako Joris na mkewe nilifurahi, Mungu shahidi. Ukawapeleka Fes wakanywa supu ya konokono, wakala kichwa cha kondoo, wakaenda msitu wa mierezi kuwalisha nyani karanga, ingawa nilikuambia nyani wale wameshaharibiwa adabu na wageni. Jumanne nikaenda sokoni nikakuachia nyumba nzima.

Kumbe Joris kachoka na vyakula vya kila mgeni. Anataka kuonja kitu ambacho hakuna mtalii amewahi kukionja. Nawe ukataka sifa, ukaingia ghalani, ukasogeza magunia ya shayiri, ukautoa mtungi wa Tuda.

Ungekuwa mtoto wa jirani ningesema hakujua. Wewe ulikuwa na miaka minane. Siku ya saba ya kuzaliwa kwa binti yangu Tuda, bibi yako Yamna alipokuwa akishindilia samli na chumvi, nani aliushika mtungi usitetereke? Ukamwuliza utafunguliwa lini. Akakuambia siku ya harusi ya Tuda, na wa kuufungua ni mama yake. Lile fundo la kamba mdomoni mwa mtungi alilifunga kwa mkono wake, naye ana miaka kumi na mmoja kaburini. Wewe umelikata kwa kisu cha mkate.

Tena mkachota kwa kijiko kibichi, kimetoka kwenye maji. Mke wa Joris akatema chini ya mtini, mkacheka. Haya umenieleza mwenyewe juzi kwenye simu, ukaongeza, "Shangazi, si samli tu? Nitakununulia nyingine." Nilikata simu kwa sababu niliuogopa mdomo wangu.

Hukuuliza nimejuaje. Nitakuambia.

Jumapili alikuja Rkia, mama wa mchumba wake Tuda, pamoja na dada zake wawili, kuuona mtungi kama ilivyo desturi. Tuda yuko uani anawamiminia chai. Mimi naingia ghalani kuupangusa vumbi, nakuta kamba ya plastiki ya buluu, ile uliyokuja umefungia sanduku lako. Nafunua, ukungu wa kijani umetanda, ukitia kidole kinazama. Sikupata hata nafasi ya kulia. Nikaikata kamba yako nikaitia mfukoni, nikautoa mtungi hivyohivyo.

Rkia akachungulia. "Nani kaufungua huu?"

"Mimi."

"Wewe? Mama mtu?"

"Mimi mwenyewe. Nilitamani."

"Haya mwenzangu. Umevumilia miaka ishirini na mitatu, wiki tatu zikakushinda?"

Dada zake walicheka hadi chai ikawamwagikia. Sasa hapa mtaani naitwa Mama Mlambaji. Hilo nitalibeba, mgongo wangu mpana.

Lakini Tuda hakucheka. Aliweka birika chini akaingia ndani, na tangu siku hiyo hasemi nami. Anakula mimi nikishatoka jikoni. Jana nilimpelekea gauni lake alijaribu, akalipokea mlangoni na kuufunga mlango. Anaamini mama yake ameshindwa kumngojea.

Utauliza kwa nini sikukutaja. Tuda hana baba, hana kaka, na baba yako hawezi kusimama. Siku ya kutoka nyumba hii, mkono wa kumtoa ni wako, hakuna mwingine. Mwanangu namjua: angejua ulichofanya angekaa kitako asitoke nawe. Na bibi harusi anayetoka bila mkono wa kwao husemwa mpaka kwa wajukuu zake. Basi nikachagua nisemwe mimi.

Nimekasirika, Badri. Nimekasirika hata chakula hakinipiti. Usiniletee samli, usiniletee manukato, na usije na Joris. Harusi ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Nimekwangua ukungu, chini kimebaki kikombe kimoja kizuri. Kitatiwa kwenye kuskusi ya harusi, nawe utakula mbele za watu bila kukunja uso.

Kisha utamshika mkono Tuda utamtoa, umfikishe kwa mumewe. Ukishamfikisha, kabla hujageuka kurudi, mwambie ni wewe. Usimwandikie wala usitume mtu. Mwambie kwa mdomo wako, na akitaka kukupiga mpe shavu. Samli imekwenda, siidai tena. Unachotakiwa kunirudishia ni mwanangu.

Nisalimie mkeo Hind na mjukuu wangu Sami. Joris na mkewe nao wasalimie, wao walikula walichopewa. Mungu akulinde njiani, na akupe haya.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda ingawa leo sitaki kukuona,

Itto