Baridi Niliyoikanusha

Jumapili, 6 Julai. Gitega

Nimemshinda Swabra. Dada yangu alitaka Mama abaki Muyinga mpaka Septemba: kaka, Gitega mwezi wa saba iko baridi, na kifua cha Mama unakijua. Nikamsomea kwenye simu utabiri wa kanda, neno kwa neno. Juni hadi Agosti, joto juu ya wastani. Wataalamu wa nchi chungu nzima! Yeye ana nini? Maneno ya sokoni. Akakubali. Mama anakuja, na Jumatatu ya tarehe 14 daktari atamtoa mtoto wa jicho.

Jumanne, 8 Julai

Mama amefika na basi la saa nne. Kaleta maharage na mablanketi mawili. Nikacheka: kwani kwangu hakuna blanketi? Akasema ya kwangu yamesoma sana, hayajui kazi.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi digrii tisa. Tisa! Pumzi inaonekana sebuleni. Nimeurudia utabiri. Wastani wa miezi mitatu — hausemi lolote juu ya alfajiri moja. Na mimi niliwahi kuandika makala nzima kuwakejeli wasiojua tofauti hiyo!

Mama anatawadha kwa maji ya bidoni, lile dumu lake, yaliyolala nje. Nikamwambia dini haikatazi maji ya moto. Nikataja vitabu vitatu.

— Na wewe uliacha lini kuswali, shehe?



Ijumaa, 11 Julai

Anakohoa.

Jumamosi, 12 Julai

Muuguzi kasema wazi: anayekohoa hapasuliwi jicho. Akishtuka kisu kikiwa ndani, jicho limekwenda. Asipotulia kufikia Jumatatu, orodha ya Septemba imejaa, ni Januari. Mama sasa hivi ananitambua kwa sauti tu.

Nazario, jirani yangu, mtu wa Ryansoro, kaniletea mkaa. Mwalimu, kasema, kwetu baridi ya mwezi wa saba hata mbuzi anaijua. Nikaupokea mkaa, nikashukuru. 

Jumapili, 13 Julai

Nimeamka saa kumi alfajiri, kabla yake. Nikawasha jiko, nikachemsha maji, nikayachanganya kimyakimya kwenye bidoni lake. Katawadha. Kisha akakaa kidogo, mikono bado mibichi.

— Maji ya leo yamelala wapi?

Nikasema sijui. Kaswali. Kakohoa mara mbili tu.

Saa mbili Swabra kapiga. Anataka kweli: huko iko baridi? Mama iko anakohoa? Nilikuwa na majibu — wastani, mbingu wazi, mwinuko wa Gitega. Mama kanyoosha mkono apewe simu. Najua angesema nini: hakuna baridi, mwanangu. Sikumpa.

— Iko baridi, Swabra. Ulisema kweli. Anakohoa.

 Hata tusi hakuna! Akasema tu: nipe Mama.

Nimempa. Kaifunika simu kwa kiganja, anangoja kifua kitulie kwanza. Naandika haya, bado kaifunika.