Boga la Mjomba Ndani ya Neti

Tarehe 3 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Hujambo huko wodini? Na wagonjwa wako? Mimi mzima, ila kiuno kinaniuma, na maumivu yenyewe ni ya sifa tupu. Mbegu za maboga ulizotuma zimeshaingia ardhini, nyuma ya nyumba. Mama yako alitaka kumwaga saruji uwanja mzima apate pa kuanikia nguo. Nikamwambia, "Dada, nipe muda mpaka mtoto aje likizo mwezi wa saba. Asipokuta boga, mwaga saruji yako, sepetu nitashika mimi." Amekubali mbele ya majirani, kwa hiyo hawezi kurudi nyuma. Wala mimi.

Adui ni kuku wa jirani. Wamekula mchicha wangu wote, wakafuta na midomo. Wamesahau mimi ni fundi makochi! Nimesimamisha miti, nikafunika bustani nzima kwa neti, pembeni na juu, nikaishona kwa uzi wa makochi, mshono wa kurudia. Mlango ni zipu, kama wa mto. Hata moshi ukitaka kuingia humo utapiga hodi.

Mjomba wako, fundi makochi na sasa Bwana Shamba

Tarehe 20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo, wagonjwa wanaendelea. Barua yako nimewasomea wenzangu, tukacheka mpaka sista mkuu akaja kuuliza nani kapona. Kiuno kimepoa? Na maboga je? Natembea kwenye korido kutwa nzima, jioni nakula kitu cha kantini kisicho na jina, nikilala naota bustani yako. Likizo nimeshaomba. Usikubali saruji ishinde.

Mpwa wako

Tarehe 6 Mei

Marahaba mwanangu,

Kiuno kimeona aibu, kimepona chenyewe. Mchicha nilioupanda upya sasa ni msitu. Juzi mama yako alipotelea humo, nikampata kwa kufuata sauti, maana alikuwa ananitukana. Nyanya zimekufa, hilo sikufichi. Nilizipa samadi mbichi ya kuku, ndoo nzima kila mche, nikidhani nazikirimu. Zimeungua kama zimepigwa pasi.

Lakini boga! La kwanza limefikia ukubwa wa beseni. Nimelishonea mto kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki, lisiumie ubavu.

Mjomba wako, Mfalme wa Maboga

Tarehe 19 Mei

Shikamoo Mjomba,

Natumai u mzima. Mama kanipigia simu, nikamuuliza, beseni la kuogea au la vyombo? Akasema, "Beseni gani? Huyo ana maua tu. Kila asubuhi anayaokota chini kama anayefagia ukumbi baada ya harusi. Mto upo kweli, ila hauna mlalaji."

Mjomba, sikucheka. Niambie mimi, maboga yana nini? Ukubwa sijali. Nataka nikija nikanyage udongo.

Mpwa wako anayekupenda

Tarehe 30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, mzima mimi. Lile beseni lilikuwa njiani, mimi nikatangulia kulitangaza.

Jana nilikaa nje ya neti na kikombe changu cha chai, nikamwona nyuki. Anagonga neti, anazunguka, anarudi kugonga palepale. Nikasema mama yangu wee! Nimefungia nje kuku, nimefungia na mshenga. Siku zote hizi maua dume na maua jike yanatazamana tu, hakuna wa kupeleka habari. Fundi mbovu angeacha matundu, na saa hizi angekuwa anakula boga.

Nikachukua wembe. Kufumua mshono wangu mwenyewe, mwanangu! Hilo sijamfanyia hata mteja mkorofi. Paa nimelitoa lote, kuta nimeziacha, kuku wa jirani ni wanene hawaruki. Kisha nikaokota unyoya wa haohao maadui, nikapita ua kwa ua, nachota unga wa dume nampaka jike. Mimi nisiyewahi kuoa, nimeozesha ukoo mzima kwa asubuhi moja.

Lakini mama yako kashanunua saruji. Mifuko iko barazani, kila nikipita inanitazama.

Mjomba wako

Tarehe 12 Julai

Mpwa wangu mpenzi,

Hujambo? Huku wazima wote.

Limeshika moja. Mengine yalianza yakaoza, hili limekaa. Ukubwa wake ni birika la chai. Nimelipima mara mbili kwa futi yangu ya kazini, na sijaongeza hata inchi. Limelala juu ya mto wake.

Leo mama yako alitoka na kapu la nguo mbichi. Akaliona. Sikufungua mdomo, na unajua hilo kwangu ni kazi kubwa. Akachuchumaa, akalipapasa kama mtoto mchanga, akatengeneza mto vizuri. Halafu akasema bila kunitazama, "Ile saruji mpe jirani, akajengee banda la kuku wake."

Njoo upesi, mwanangu. Ukichelewa kidogo tu, litakuwa beseni.

Mjomba wako