Mstari Ambao Sikuusoma

Kaka Jecha huko Mombasa,

Shikamoo. Mama hajambo. Gari ya abiria ya baba ilipasuka silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Hedi ya kampuni yenyewe haikupatikana, basi Fundi Matar akachagua ya kuiga inayoingia kwenye injini ile ya silinda sita. Nilimsomea maelekezo ya Kiingereza huku akiifunga. Vijana wa gereji wakacheka, "Bi Mwatum, na usukani utashika?" Nikaona haya, nikafunika kitabu kabla ya kumsomea mstari wa mwisho: injini ikishapata moto, nati zikazwe tena.

Juzi nati zililegea, na gasketi inayoziba chini ya hedi ikaungua njia ya Nungwi. Baba anasema Fundi alichagua kitu kibovu, kesho anamfukuza kazi. Fundi hakunitaja.

Nimekuandikia wewe kwanza ili nipate ujasiri. Baba yupo barazani. Nikishafunga bahasha, nakwenda kumwambia.

Mdogo wako,
Mwatum