Kupasha misuli moto

Austine buda, leo nimechomeka, aibu tupu 😭

Si unajua kigimbi changu cha kushoto, kile huuma kila tukicheza? Nimeenda kwa fizio huku Kayole. Akakifinya, nikapiga nduru.

"Msuli umechanika tena palepale. Kwani kabla ya mechi hupashi misuli moto?"

Nikamjibu kwa maringo, "Kila Jumapili, daktari! Beseni nzima!"

BESENI 😭

Akaniangalia. "Beseni ya nini?"

"Ya maji moto. Naloweka mguu nyumbani, halafu nakuja uwanjani."

Amecheka mpaka akaketi chini! Kumbe ni kukimbia polepole na kunyoosha viungo.

Sasa fainali sichezi.

Na usithubutu kucheka. Beseni ni yako, na wewe huloweka kabla yangu.