Kaswida za Husna na Kunde za Bombani

Kadzo weee, umekosa kisa! Mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Si Husna alikuwa akiimbia kunde zake za mkebeni kaswida? Leo kasimama kwenye somo la takwimu, kifua mbele: "Mkebe niliouimbia umestawi, usioimbiwa umedumaa. Sauti hukuza mimea."

Madamu Rispah akamuuliza, "Huo uliostawi uliuweka wapi?"

"Bombani, Madamu, tunapotilia udhu."

BOMBANI, Kadzo! Kila swala kunde zinarushiwa maji! Darasa zima hoi.

Madamu akasema, "Basi ni maji, si sauti. Rudia, mikebe yote pakavu."

Unadhani alitahayari? Wapi!

"Madamu, bomba la bwenini lipo. Mbona watu wanajazana kwenye langu, ninapoimbia? Wanakuja kunisikiliza!"

Hapo nikaacha kucheka. Hata mimi, Kadzo, hutilia udhu bomba lile lile ili nimsikie.