Ubao wa Baba

Rumonge, Jumanne

Na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia dada yangu Zawadi auchome. "Huo ubao hauna kazi tena, uko ndani ya ordinateri." Akaukatakata, akapikia maharage.

Baba aliutumia ubao ule kuchorea ubavu wa kila boti aliyounda, hadi alipofariki. Kabla haujachomwa nilipima nukta saba kwenye ukingo wake uliopinda, nikaandika programu ya kompyuta inayozipitishia mstari mmoja uliopinda vizuri. Nilijivunia sana ule mstari.

Leo nimeuchapisha kwa ukubwa wake kamili, nikaunganisha karatasi kwa skochi, nikampelekea Baba Mdogo Issa ufukweni akatie mbao za boti mpya. Alipitisha kiganja juu ya mstari taratibu, akakisimamisha karibu na sehemu ya mbele ya boti.

"Hapa kulikuwa na kifua. Iko wapi?"

"Kifua gani, baba?"

"Kauvimbe kadogo tu. Baba yako alikaacha ili mawimbi isiingie. We mutoto wa fundi, haukuona?"

Sikukaona. Kalikuwa kati ya nukta ya sita na ya saba, na programu ikapita hapo moja kwa moja. Boti za zamani za Baba zimeoza, nyingine zimeuzwa Kongo. Hakuna pa kwenda kupima.

Nimeongeza nukta ya nane. Tangu alasiri naivuta juu, naishusha, naisogeza pembeni. Popote ninapoiweka, programu inanichorea mstari mzuri. Haijanikatalia hata mara moja.

Baba angenikatalia.