Miaka Kumi na Moja Bila Ajali

Jumanne, Kibugu

Na sasa CV yangu inapendeza kuliko mimi.

Msichana wa saiba, lile duka la kompyuta pale Kanja, ndiye ameipiga chapa upya leo. Ile ya zamani ilisema tu kwamba napogoa miti. Akasema, "Mzee, kwa hii hutapewa usimamizi." Kampuni ya chai inataka mtu wa kusimama chini na kuchunga wanaopanda juu ya miti wasiumie. Magoti yangu nayo yamekataa kupanda.

Basi nikamweleza tulivyofanya kazi na mwenzangu Njeru. Mti huu wa mkima anapanda yeye, nami nashika kamba chini. Mkima unaofuata napanda mimi, naye anashika. Miaka kumi na moja hivyo, shamba baada ya shamba.

Akauliza, "Na umewahi kuanguka?"

"Hapana."

Alifurahi kweli. "Hiyo ndiyo wanataka! Tunaiweka juu kabisa."

Ningemwambia wakati ule. Lakini alikuwa ameshaandika, kwa herufi kubwa, na mimi nikakaa tu nikingoja printa. Kilichoniudhi ni picha. Alinipiga na simu yake, nikatoka kama mtu aliyeamshwa.

Nimeisoma mara tatu na sihisi kitu. Hata furaha, hata aibu. Kesho naipeleka, na naogopa wasije wakaniita.

Si uongo, mimi sijawahi kuanguka. Aliyeanguka ni Njeru, mwezi wa nne, na ilikuwa zamu yangu ya kushika kamba.